Darubini ya Hatua Kumi na Tano

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, hajui kuingia nyumbani kwa mtu kama watu wengine. Hugonga chuma cha mlango mara mbili, kisha husimama. Ukimwambia ingia, bado anasimama, shingo upande, kana kwamba anangoja mtu mwingine aitikie. Nimemvumilia miaka miwili. Kuna siku namwuliza, bwana wee, unataka nikutandikie zulia ndiyo uingie? Anacheka kidogo, anaingia, anakaa, halafu anagonga mguu wa meza mara mbili. Jamani, hata meza!

Kwenye kinu cha unga walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kupiga njiwa ndani ya ghala kwa bunduki ya upepo, ile inayosukuma risasi kwa springi bila baruti, maana njiwa wakiachiwa watachafua kila gunia. Mwenzake kazini alikuwa mume wangu. Mume wangu alipanda kwenye vyuma vya paa kutoa viota na kuwakurupusha ndege, kaka yake akabaki chini na bunduki. Walikuwa na sheria moja tu. Wa juu hasogei mpaka agonge chuma mara mbili, na wa chini akisikia, anaelekeza mtutu sakafuni. Walifanya hivyo miaka kumi na mmoja, hakuna aliyechubuka hata kidole.

Kisha mume wangu akaanguka. Nikaambiwa njiwa alimrukia usoni, akateleza. Nilipofika nilimshika mkono, nikaona katikati ya kiganja kitundu kidogo. Nikauliza ni nini. Shemeji akasema ni msumari wa paa. Mume wako amelala mbele yako hana pumzi, utabishana na nani habari za msumari? Lakini neno lile halikunitoka. Mimi ni fundi cherehani, siku nzima nakaa na mawazo yangu, na nilikuwa napiga mshono huku nakiona kile kitundu. Nilitaka kitu kimoja tu, kujua mume wangu alikufaje. Na aliyekuwepo ni mmoja, huyuhuyu anayetuletea unga na kuwalipia wanangu shule. Utamwanzaje mtu kama huyo?

Tangu siku ile hakugusa bunduki. Walimpa kazi ya kushona midomo ya magunia. Mwezi uliopita meneja akamwita, akamwambia njiwa wamejaa, na kijana waliyemweka ametoboa paa likawa chujio. Shemeji akajibu kwamba atarudi, ila si kwa macho matupu, lazima apate darubini ya kufunga juu ya bunduki. Akaja kwangu, akagonga anavyogonga, akaniomba nimsindikize kuichagua. Alisema mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo macho yangu anayaamini kuliko yake. Nikajiambia, basi, siku imejileta yenyewe.

Mwenye duka alikuwa bwana mfupi, maneno mengi kama redio. Alitoa darubini ndefu, nzuri, inayong'aa, akasema hiyo inavuta kitu mara kumi na mbili. Shemeji akaitazama mara moja, akairudisha. Alisema ukivuta sana hivyo unaona unyoya mmoja, kilicho kando ya unyoya hukioni. Yule bwana akaleta nyingine, akakiri mwenyewe kwamba hiyo ni ya bunduki kubwa, iliyotengenezwa kwa shabaha za mbali, kitu cha karibu kinakuwa ukungu. Tena bunduki ya springi inaruka nyuma kisha mbele, itailegeza vioo ndani ya wiki. Akauliza, kwani wewe unapiga umbali gani? Shemeji akajibu hatua kumi na tano. Mwenye duka akacheka, akamwambia kwa hatua kumi na tano hata bibi yake angepiga bila darubini. Shemeji hakucheka.

Ya tatu ilikuwa fupi, nyeusi, haina urembo. Inavuta mara nne tu, na inaonyesha wazi kuanzia hatua kumi. Shemeji akaomba kuipima kwenye ujia wa nyuma ya duka, darubini tupu, bunduki ilikuwa imebaki kinuni. Ujia ule ulikuwa na giza la mchana, kama la ghala. Akahesabu hatua kumi na tano, akanisimamisha nyuma ya nguzo ya chuma. Akaniuliza kama nina chaki ya kukatia nguo. Ninayo siku zote mkobani. Akaniambia nijipake kiganjani mpaka kiwe cheupe chote, nijifiche, halafu nitoe mkono polepole na kushika nguzo.

Nilipokuwa najipaka ile chaki ndipo mikono ya mume wangu iliponijia. Watu wa kinu wote hutoka na mikono myeupe kwa unga. Nilielewa kabla sijatoa mkono. Hata hivyo niliutoa, nikashika nguzo, nikangoja. Nilipochungulia nilimwona ameshika darubini jichoni, hajaishusha.

Mwenye duka akamwuliza anaona nini.

"Mkono," akasema. "Kwa hii, ni mkono."

Nikamwendea. Sikukimbia.

"Na siku ile uliona nini?"

"Kifua cheupe cha njiwa, shemeji. Mashine waliiwasha mapema. Sikusikia akigonga."

Mwenye duka, na mdomo wake wote ule, akarudi ndani taratibu akafunga mlango. Nilimpiga shemeji kofi, na sijuti. Chaki ikabaki shavuni mwake, hakuifuta. Alilia kama mtoto, akasema hatapiga tena, atakwenda polisi, atamwambia mama yao, nimfanye nitakavyo. Nami nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu miaka miwili alikuwa anakula mezani kwangu na lile neno la msumari, na kwa sababu hata wakati ule nilimwonea huruma nisiyoitaka.

"Mama utamwambia leo, nikisikia," nikasema. "Polisi utakwenda kesho. Wakikuachia, utarudi kazini, na mimi nitakuja."

"Uje kufanya nini?"

"Nitasimama pale alipoangukia. Unione."

Mama alimsikiliza hadi mwisho, akageukia ukuta. Polisi waliandika, wakasema ilikuwa ajali. Darubini akaichukua ileile fupi. Sasa kila Ijumaa, kinu kikizimwa, nafunga cherehani naenda ghalani. Watu wa pale wanasema nina moyo wa dhahabu, namsaidia shemeji yangu. Simsaidii. Nasimama kwenye sakafu ileile, na yeye, kabla hajaweka risasi, hunitazama kwanza kupitia kile kioo. Najua ananiona wazi, mpaka kope. Namwona jicho lake likinipita, likapanda juu kidogo ya bega langu na kukaa hapo, na midomo yake inasogea kama anayemjibu mtu. Nasikia baridi shingoni. Sijawahi kugeuka.