Uliwaambia, au Walisikia?

Ipo Ijumaa moja ambayo hainitoki, mwanangu, na nitakusimulia hiyo kabla sijajibu ulichoniuliza. Najua una haraka. Umekuja na swali moja tu, uondoke kwenye kundi lenu ukaimbe peke yako au ubaki, na tayari umeangalia simu mara mbili. Iweke chini. Chai bado ya moto, na swali lako si la ndiyo wala hapana. Mimi nililijibu kwa haraka nilipokuwa na umri wako, na jibu lile nimekaa nalo peke yangu mpaka leo.

Mnaniita mama, wengine bibi, nami hamsini sijafika. Nimezoea. Hapa Doha mtu akipitisha miaka kumi na kitu anakuwa mzee wa mtaa hata kama meno yote anayo. Wakati nafika, sisi wa Afrika Mashariki hapa Al Rayyan tulikuwa tunajuana kwa majina, na ukisikia Kiswahili dukani unaacha nyanya kwenye mizani unamfuata mwenye sauti. Nilitoka Tanga kuja kufanya kazi ya dobi kwenye hoteli moja kubwa. Dobi ya hoteli iko chini ya jengo, haina dirisha. Mna mashine za kufua, mashine za kukaushia, na pasi moja kubwa ya shuka inayotaka watu wawili, mmoja huku anaingiza, mmoja kule anapokea na kukunja.

Aliyekuwa upande wa pili wa pasi ni Rehema, binti wa Mombasa. Mpole, mwembamba, huwezi kumdhania. Lakini akianza kuimba, jamani, shuka linapita na mikono yako imesimama. Yeye ndiye aliyekuwa anaita. Mimi nikajikuta naitikia chini yake bila kupanga. Halafu Akinyi wa Kisumu, mlinzi wa lango la nyuma, akawa anashuka kwetu wakati wa chakula, akaongeza sauti yake nzito. Hatukuitisha kikao. Ngoma yetu ilikuwa mashine ya kukaushia, ile ya mwisho kulia, ilikuwa na kifungo cha shati kilichokwama ndani na kilipiga vizuri kuliko wapiga ngoma wengi niliowahi kuwalipa.

Meneja alitusikia kwenye sherehe ya wafanyakazi, akatupa nafasi ya kuimba kwenye chakula cha mchana cha Ijumaa, kile ambacho familia zinakuja na watoto na bibi zao na kukaa mpaka alasiri. Tukashonewa magauni ya kufanana. Picha yetu ikawekwa karibu na lifti. Jina alilitoa Akinyi kwa utani, Tatu Tamu, likaganda. Wageni wakawa wanauliza mezani, wale wasichana watatu wanaimba leo?

Sasa sikiliza, maana wewe ni mwimbaji na utanielewa. Rehema alikuwa sauti ya kwanza. Hiyo ndiyo wimbo wenyewe, ile mtu anatoka nayo mdomoni akienda nyumbani. Mimi nilikuwa ya pili. Sauti ya pili inakaa chini ya wimbo na kuushika. Ikiwepo haisikiki. Ikikosekana kila mtu anajua kuna kitu kimepungua, ila hawezi kusema ni nini. Nami nilichoka kutosikika, nakwambia kweli. Nilikuwa najiona mimi ndiye mzuri wa sura, ndiye mcheshi, ndiye ninayeongea na wageni, halafu makofi yanakwenda kwa Rehema.

Akatokea Kamau, kijana fundi wa mitambo ya sauti. Alikuwa na studio chumbani kwake Abu Hamour, magodoro yameegemezwa kuta zote nne, ukikohoa humo husikii hata mwangwi. Akaniambia, "Wewe ndiye una uso wa jukwaa. Mbona unajificha nyuma ya hawa?" Basi bichwa likanivimba. Kila siku yangu ya mapumziko nikawa nakwenda Abu Hamour kurekodi nyimbo zangu, na wenzangu nawaambia nakwenda kununua mafuta ya kujipaka. Mafuta niliyonunua kwa mdomo mwaka ule yangetosha kupaka hoteli nzima.

Kosa langu halikuwa kwenda kwa Kamau. Wala halikuwa kutaka kuimba peke yangu. Kosa ni kwamba nilipoamua, nilikwenda kwanza kwa meneja. Nilikuwa naogopa macho ya Rehema. Nikajipa moyo kwamba nitawaambia jioni, kwenye basi. Jioni Akinyi alikuwa amechoka amelala, nikasema kesho. Kesho yake asubuhi, kwenye ule mkutano wa dakika tano kabla ya zamu, tumesimama wote na sare, meneja akasoma karatasi yake. Taulo za bwawa zinapotea. Chumba fulani kisiguswe. Na kuanzia Ijumaa hii Tatu Tamu watapumzika, dada yetu wa dobi ataimba peke yake, tumpongeze.

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, sijui kwa nini. Rehema alinitazama, akasema, "Hongera." Neno moja, na alilisema vizuri kabisa, ndiyo maana liliniuma. Akinyi hakuficha lake. "Si ungetushow tu, mrembo? Tungekubebea hata maiki." Kisha tukaenda kazini. Tulipiga pasi shuka mia na ushee siku ile, mimi huku, Rehema kule, na hakuna aliyeimba.

Basi letu la wafanyakazi lilikuwa na kiti cha nyuma tulichokuwa tunakaa sisi watatu, mimi katikati. Jioni ile nikakuta mkoba wa Akinyi umekaa mahali pangu. Hakuuweka kwa ubaya, mkoba nao unataka pa kukaa. Nami sikuomba autoe. Nikaenda mbele nikakaa karibu na dereva, Mnepali, ambaye Kiarabu chake chote kilikuwa "yalla", yaani twende, na hapo ndipo palipokuwa kiti changu kwa muda wote uliobaki.

Ijumaa ikafika. Nimevaa gauni langu mwenyewe, jekundu, si lile la kufanana. Meza zimejaa. Kule Abu Hamour Kamau alikuwa ananipigia wimbo kwa kinanda, kidole kimoja, nami naufuata. Hotelini hakukuwa na kinanda. Kulikuwa na gitaa na ngoma kwenye diski, na mimi. Muziki ukaanza, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na unajua kilichotoka? Sauti ya pili. Koo langu lilikwenda mahali lilipozoea kwenda. Nikaijaribu ya kwanza, nikaishika mstari mmoja, ikaniponyoka, nikarudi chini. Ukumbi mzima nikauimbia chini ya wimbo ambao haukuwepo. Na pale ambapo wenzangu walikuwa wanadakia, nikanyamaza kwa mazoea nikiwasubiri. Vikasikika vijiko. Mtoto mmoja akaacha kula akanikodolea macho mpaka mama yake akamgeuza kichwa.

Makofi yalikuwepo, yale ya adabu. Nikapita mlango wa jikoni nimeshika kingo za gauni, na huko nikamkuta Mama Zuhura. Huyu alikuwa Mzanzibari, mtu mzima, mpishi wa vitamu, na alikuwa hapa tangu kabla yetu sote. Alikuwa anakwangua sinia. Hakuinua hata uso.

"Nimekusikia," akasema. "Tangu mwanzo hata mwisho ulikuwa waitikia. Nani alokwita?"

Nikasema nilikuwa na woga tu, wiki ijayo nitazoea. Akaendelea kukwangua.

"Wenzio uliwaaga?"

"Niliwaambia."

"Uliwaambia, au walisikia?"

Hapo ndipo alipoweka sinia chini, akanitazama. Akasema, kwetu mtu huaga hata akienda dukani kununua chumvi. Anachungulia mlangoni anasema, mimi natoka. Si kwamba anaomba ruhusa, chumvi ni yake na miguu ni yake. Ni kwamba walioko ndani wajue pale palipokuwa na mtu sasa hapana mtu, wasije wakamwita na kukaa wakingoja. "Nenda kawaage," akasema. "Bado hujachelewa. Leo leo."

Sikwenda. Nilikuwa na hasira, eti huyu mpishi wa halua ananifundisha muziki.

Sauti ya kwanza nililifunza koo langu baadaye, kwa miezi, nikiwa nimeziba masikio kwa vidole ili nijisikie. Usifikiri nakusimulia kushindwa, mimi sikushindwa. Niliimba harusi, niliimba sikukuu za Watanzania na za Wakenya, nikaitwa mpaka kwenye mashamba ya Umm Salal familia zikipumzika huko msimu wa baridi. Diski yangu ilichezwa kwenye magari ya watu. Lakini nikishuka jukwaani hakuna wa kuniuliza, umesikia yule mzee alivyocheka? Hakuna wa kunifungulia zipu ya gauni. Nilikuwa narudi chumbani nikilala na gauni mpaka nijinyoshe vizuri nifikie zipu mwenyewe. Nilikuwa mpweke, mwanangu, nakwambia wazi, na nilikuwa naona haya kumwambia mtu, kwa sababu kila mtu alikuwa anasema nimefanikiwa.

Nilipoanza kuitwa nje, Rehema na Akinyi nao walirudishiwa Ijumaa zao. Jina halikubadilika, picha karibu na lifti haikubadilika. Siku moja nilikuwa na mapumziko, nikaja jikoni nikasimama nyuma ya mlango na Mama Zuhura, nikawasikiliza. Rehema akaita. Akinyi akashika chini kabisa. Walipofika pale penye sauti yangu, wakapaacha. Wangeweza kupaziba, Rehema angeweza hata akiwa amelala. Hawakupaziba. Kila ubeti, pale pale, wanavuta pumzi wote wawili, wanapita. Mimi nyuma ya mlango nikaimba sehemu yangu kwa midomo tu, bila sauti, na machozi yananitoka.

Mama Zuhura akaniambia, "Nenda. Watoka sasa hivi, wapita hapa hapa."

Nikasema Ijumaa ijayo. Nikatoka kwa mlango wa takataka.

Ijumaa ijayo ilikuwa na harusi. Inayofuata nilikuwa na mafua. Ukitafuta sababu hukosi. Ikapita karibu miezi miwili, kwenye pasi mimi na Rehema hatuvuki salamu, halafu asubuhi moja kwenye mkutano wa dakika tano, tumesimama na sare, meneja akasoma karatasi yake. Taulo. Sare mpya. Na tumshukuru dada yetu Rehema, mkataba wake umekwisha, ameondoka jana kurudi kwao Mombasa.

Watu wakapiga makofi. Nikageuka kumtafuta Akinyi, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye aliagwa. Waliagana uwanja wa ndege, walilia, nimeambiwa. Mimi nilisikia.

Akinyi alinisamehe kwa njia yake, kwa matusi na kicheko, kabla hajahamishwa lindo. Akanipa namba ya Rehema. Nilipiga siku hiyo hiyo, na siku nyingine nyingi, haipatikani. Nimewauliza watu wa Mombasa wanaokuja huku. Kila mmoja ananiuliza, Rehema gani? Nami nikitaka kumweleza namkuta hana alama nyingine zaidi ya sauti.

Sasa swali lako. Ondoka, mwanangu. Kama una wimbo wako, nenda kauimbe, na usimruhusu mtu akwambie ni dhambi. Lakini kwanza kaa peke yako chumbani bila mashine wala kinanda, uimbe mpaka ujue kama unachokibeba ni wimbo au ni kipande chako cha wimbo wa wenzio. Vyote viwili vina heshima yake, ila kimoja hakisimami bila watu. Na huyo anayekusifia uso, msikilize, mshukuru, halafu kamuulize mtu asiyekupenda sana kama sauti nayo ipo.

Kesho mna mazoezi, umesema. Basi usimpigie yule bwana mwenye ukumbi leo. Usiweke picha yako mpya kwenye simu leo. Kesho fika mapema kuliko wote, na kabla hamjaanza, waambie kwa mdomo wako, ukiwatazama. Watanuna. Mmoja atasema neno baya, lipokee. Yule atakayesema hongera halafu anyamaze, huyo ndiye umfuate mpaka nje, usimwache aende. Kaa naye hata kama hamsemi kitu. Mimi nilimwacha aende, na nilikuwa na miezi miwili, mwanangu, na hatua kumi kutoka mlango wa jikoni.

Mpaka leo nikipiga pasi najikuta naimba. Jirani yangu Mganda aliniuliza juzi, wimbo gani huo hauna kichwa wala miguu? Nikamwambia ni nusu. Nusu nyingine iko Mombasa.

Haya, maliza chai. Mungu akufungulie koo na akufungulie njia. Akupe wimbo ulio wako na pumzi ya kuufikisha mwisho. Na siku utakapoita, popote utakapokuwa, asikosekane wa kukuitikia.