Uso Chini ya Kitambaa Cheupe

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kutazama michoro ya kale ya Waajemi, hapa Birmingham. Basi la Sparkhill lilichelewa na magoti yakaniuma, lakini hayo tuyaache. Mchoro mmoja ulikuwa wa mtume amepanda farasi, uso umefunikwa kitambaa cheupe, kichwa kimezungukwa na ndimi za moto wa dhahabu. Mjukuu akaniuliza kwa Kiingereza chake, uso wake uko wapi?

Picha kama ile ilikuwa ukutani kwa jirani yetu kule Unguja nilipokuwa mtoto, Bi Sakina, mshonaji. Chumba chake kilinuka mafuta ya cherehani.

"Mbona anaungua?" nilimuuliza.

"Haungui, mwanangu. Ile nuru. Macho yetu hayaiwezi, ndiyo maana kafunikwa."

Basi alasiri moja nilirudi nyumbani kutoka chuoni, kusoma Kurani, nikakuta nyumba imejaa wanawake, inanuka udi na kafuri, na mama kalazwa, uso kafunikwa nguo nyeupe. Nilifurahi, nasema kweli. Nikangoja ule moto wa dhahabu.

Shangazi akaifunua ile nguo. "Njoo umtazame mama mara ya mwisho."

Nikafumba macho kwa nguvu, nisipofuke.

"Mwache," akasema mmoja, "anaogopa maiti."

Mama hakuwahi kupigwa picha. Mikono yake naikumbuka, na kikohozi chake. Uso, hapana.

Mjukuu aliponivuta twende zetu, nilikuwa bado nimesimama mbele ya mchoro ule, nikikitazama kile kitambaa.