Fundi na Barua za Rambirambi

Fundi wetu wa kompyuta hagusi kibodi kabla ya kufuta vidole kwenye suruali. Wiki nzima alikaa ubavuni pa mama katibu muhtasi, akitazama kila anachobonyeza, ili aandike programu ya kutoa barua hizo yenyewe. Siku ya majaribio mkurugenzi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. Fundi akabonyeza mara moja tu. Barua zikaanza kutoka mfululizo. Zilipofika za rambirambi, programu ikasimama.

"Imekwama?" mkurugenzi akafoka.

Fundi akafuta vidole. "Haijakwama, bosi. Nimeiandika isimame hapo. Mama huyu huwapigia wafiwa simu kwanza." Shingo ilikuwa imemlowa jasho, lakini hakugusa kitu. Katibu muhtasi, bila kumtazama mkurugenzi, akainua simu.