Boti Iliyokosa Trela Lake

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya shamba moja, kule tambarare za Hanang. Nyumbani kwetu ni Masieda, juu Mbulu, ambako ngano ilikuwa ya kusimuliwa tu. Nilipofika mara ya kwanza nikaona ngano inaanzia mlangoni kwa karakana na kuishia mahali ambapo jicho linachoka, nilidhani nimefika nchi nyingine. Nikazoea. Kazi yangu ilikuwa majembe ya trekta yaliyovunjika, kombaini zilizopasuka fremu, na matrela ya kubebea nafaka. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba siku moja nitatengeneza trela la boti.

Boti yenyewe waliiacha wataalamu wa kigeni. Walikuwa wakiiteremsha ziwani Jumapili kujifurahisha, na walipomaliza muda wao wakaenda zao, ikabaki nyuma ya stoo imefunikwa turubai. Ilikuwa ya bati jepesi, futi kumi na sita, na tumbo lake lilichongoka chini kama mgongo wa samaki. Trela lake halikuwepo. Sijui nani alilichukua. Lililobaki ni trela jingine, la kijiboti kidogo cha tumbo bapa ambacho hata hakikuwepo tena. Tulikuwa tukilitumia kubebea mapipa ya maji.

Msimu wa kupanda ulikuwa umeanza na mvua zimekolea. Asubuhi moja msimamizi wa karakana alikuja kwa haraka, jambo ambalo hakulizoea kwa sababu mguu mmoja ulikuwa unamsumbua.

"Fundi, ile boti. Inatakiwa ziwani leo."

"Kuna nini, mzee?"

"Mfugaji amezama jana jioni. Bado hajaonekana. Ndugu zake wako hapo nje."

Ziwa lile ni dogo, la duara, na maji yake hayana ufuo wa polepole. Ukipiga hatua tatu umeshapotea. Upande mmoja tu ndio uliokuwa na mteremko mzuri, na huko ndiko wafugaji walikokuwa wakinyweshea ng'ombe tangu mababu zao. Upande huo sasa ulikuwa umelimwa ngano hadi karibu na matete, na walinzi walikuwa wanawafukuza. Kwa hiyo walikuwa wanashukia upande wa mawe. Ndama aliteleza, mwenye ndama akamfuata. Ndama alitoka. Hakukuwa na mvuvi wala mtumbwi ziwa zima, na watu wa pale, kama watu wa kwetu milimani, hawajui kuogelea.

Nilitoka nje. Kando ya uzio, karibu na kombaini kuukuu, alikuwa amekaa mama mtu mzima aliyevaa vazi la ngozi na bangili za shaba hadi kwenye kiwiko. Pembeni yake alisimama mwanamume wa rika langu, ameshika fimbo. Huyo alikuwa mdogo wa yule aliyezama, na mama huyo ndiye aliyewazaa wote wawili. Mama hakujua Kiswahili, na mimi sikujua lugha yake. Kwetu na kwao ni majirani wa miaka mingi, lakini majirani waliogombana mara nyingi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alijibu kwa lugha yake, taratibu, akinitazama mikono. Yule ndugu akaniambia, "Anauliza kama wewe ndiye utakayetengeneza."

"Ndimi."

"Itachukua muda gani?"

Nikasema nusu siku. Nilisema bila hata kuligusa lile trela. Neno hilo nimelikumbuka mara nyingi kuliko maneno mengi niliyoyasema maishani.

Tulijaribu kwanza njia ya mkato. Wanaume wanane tukaibeba boti na kuipandisha kwenye trela la nafaka, lakini kingo za chuma za trela hilo zilikuwa za juu, boti ikakaa juu yake, inayumba. Dereva wa trekta aliizunguka mara moja akatikisa kichwa.

"Pale kwenye mlima wa ubavu, njia inapolala upande, itaniangukia. Na nikifika nitaishushaje? Lile ni trela refu, haliingii majini."

Alisema kweli. Tukaishusha, tukaleta trela dogo.

Ilipokaa juu yake, hata asiye fundi angeona. Pua ya boti ilipita nguzo ya mbele ya trela, na nyuma ilining'inia hewani karibu nusu ya urefu wake. Tulipoiachia, trela lilinyanyua juu mkono wake wa kufungia trekta, likakaa kwa makalio. Uti wa boti ulikuwa unagusa chuma cha kati, na zile mbao mbili za kuilaza zilikuwa zimekaribiana na zimelazwa bapa, hazishiki tumbo lililochongoka. Nilichukua kamba nikapima. Mkono wa trela urefushwe. Ekseli irudi nyuma. Nguzo ya mbele isogezwe. Mbao zitanuliwe na kulazwa kwa kufuata tumbo. Nilipomaliza kupima nilijua kuwa nusu siku ilikuwa uongo, lakini sikutoka nje kwenda kusema.

Bolti za springi zilikuwa zimeliwa na kutu hata spana haikushika. Nilizikata kwa msumeno wa mkono, moja moja, kwa sababu jenereta lilikuwa linawashwa kwa saa chache tu; dizeli yote ilikuwa inakwenda kwa matrekta ya kupandia. Mkono niliurefusha kwa chuma cha jembe lililokufa. Kila nilipoinua kichwa nilimwona yule mama palepale, hajabadili hata mkao.

Adhuhuri alikuja hadi mlangoni pamoja na mwanawe.

"Anauliza, hiki chombo kinakosa nini?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha kwa viganja tumbo la boti lilivyo, kisha jinsi trela lilivyo, kwamba lilitengenezwa kwa chombo kingine. Mama alinisikiliza kana kwamba anaelewa kabla ya kutafsiriwa. Kisha akasema maneno mengi mfululizo.

"Anasema achana na magurudumu. Atatoa ng'ombe. Wengi, wawe wanapokezana. Waiburute hadi ziwani."

Msimamizi alikuwa nyuma yangu. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. "Mwambie itachanika na mawe, mama. Ni bati hii. Itafika imetoboka, itazama na watu wengine."

Mwanawe akatafsiri. Mama akarudi kwenye kombaini yake.

Nikarudi kwenye trela. Nilikuwa fundi, na nilikubali kwamba kitu kinatakiwa kufanywa inavyopasa. Lakini njia ile ilikuwa udongo mweusi, na kwa mvua zile ulikuwa umelainika kama uji. Mawe yalianza karibu kabisa na ziwa. Hapo tungeweza kubeba. Leo bado sijui kama mama yule alikuwa na haki au msimamizi.

Alasiri ile nilifanya kosa. Niliinua boti kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya paa, ili nilaze mbao chini yake na kuchomelea vishikizo vyake kulingana na tumbo. Sikuona kwamba boti ilikuwa imelala kidogo upande wa kushoto. Nilichomelea vishikizo vyote vinne, nikatumia vijiti vingi vya kuchomelea katika vile vichache tulivyobakiwa navyo. Tulipoishusha, upande mmoja ulikuwa juu kwa vidole vitatu. Boti ilikaa kama ng'ombe aliyevunjika nyonga. Ukiisukuma kwa mkono, inapiga kelele na kuhama.

"Itafika hivyohivyo," nilimwambia msimamizi. Nilikuwa karibu kulia.

"Haitafika. Itaruka kwenye shimo la kwanza. Kata."

Jenereta likazimwa. Nilianza kukata kwa msumeno wa mkono welding yangu mwenyewe, ambayo siku nyingine ningejivunia kwamba haikatiki.

Jua lilipokaribia kuzama nilikwenda kwenye uzio. Nilimwambia yule ndugu, "Haijakamilika. Kesho." Sikumweleza kuhusu vidole vitatu. Alimweleza mama yake. Mama alisimama, akashika kiuno kama mtu aliyetoka kulima, wakaondoka kwa miguu kuelekea ziwani, ambako ndugu wengine walikuwa wanatembea kando ya maji na fimbo ndefu.

Asubuhi nilimkuta ameshafika. Mvua ilikuwa imempata njiani. Mke wa msimamizi alimpelekea chai na andazi, chai aliinywa, andazi hakuligusa.

Jenereta lilipowashwa nilianza kuchomelea upya. Nikaona anatazama moto ule moja kwa moja. Nikaacha.

"Mwambie asitazame, macho yatamuuma."

Nilitundika gunia kati yake na mimi. Kabla sijashika koleo alikuwa amehama, amekaa upande wa pili ambako gunia halikumziba.

"Anasema anataka kuona kazi inavyokwenda," ndugu akasema. Na kisha, kwa sauti yake mwenyewe, "Mwache tu."

Nikampa ngao yangu ya kioo cheusi, mimi nikafunga macho kila nilipogusa chuma, nikachomelea kwa kubahatisha na kuangalia baadaye. Alikishika kile kioo kwa mikono miwili mbele ya uso wake hadi vijiti vilipokwisha. Kilipungua kijiti kimoja. Kishikizo cha mwisho nilikifunga kwa bolti. Mbao nilizivika mpira wa mkanda wa kombaini ili bati lisichubuke. Tulipomaliza kurudisha ekseli na kukaza bolti mpya, mvua ilishuka kwa nguvu na dereva akasema njia haipitiki mpaka maji yatoke. Hiyo ilikuwa siku ya pili nzima. Macho yaliniwaka kama yametiwa mchanga.

Siku ya tatu asubuhi tuliondoka. Mimi na msimamizi tulisimama nyuma ya dereva, tumeshikilia. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama nyuma. Boti ililala imetulia. Tulipita mashimo, tukapita ule mlima wa ubavu, trela lilifuata trekta kama ndama anamfuata mama yake, na sitaficha, nilifurahi. Ndani ya hali ile yote nilifurahi kwamba kazi yangu imekubali. Nilipotambua kuwa nafurahi niliona haya, nikaacha kugeuka.

Tulikuwa tunaliona ziwa tulipomwona yule ndugu anapanda kuja kwetu. Hakuwa anakimbia. Dereva akazima injini bila kuambiwa.

"Ameonekana," akasema. "Alfajiri. Ameibuka mwenyewe, upande wa matete. Wavulana wa ng'ombe ndio waliomwona."

Msimamizi akavua kofia. "Poleni sana."

"Tumeshapoa."

Upande wa matete ni ule uliolimwa. Maji yalimsukuma hadi mahali alipokatazwa kushukia.

Njia ilikuwa nyembamba, hatukuweza kugeuza trekta, ikabidi tuteremke na boti yetu hadi chini mbele ya watu wote waliokuwa wamekusanyika. Walikuwa wameshamfunika. Hakuna aliyetutukana. Ningependa mtu mmoja anitukane. Tulishuka, tukatoa pole kwa wazee mmoja mmoja, tukaitikiwa.

Yule mama alitoka kwa wanawake wenzake akaja kwenye trela. Alilizunguka lote. Aliinama akatazama vishikizo, vile vya kuchomelea na kile cha bolti. Kisha akaweka kiganja ubavuni mwa boti akaisukuma, kwa nguvu, kama unavyomsukuma ng'ombe apishe. Haikutikisika. Akasema kitu kifupi.

Nilimgeukia mwanawe. "Amesemaje?"

Alimtazama mama yake kwanza. "Anasema mwende salama."

Sijui kama ndivyo alivyosema. Sikuwa na namna ya kujua.

Kabla hatujaondoka, ndugu alinivuta pembeni. Alitaka mambo mawili: boti ibaki pale ziwani, na tuwaombe wakubwa wa shamba wafungue tena njia ya ng'ombe upande wa matete, hata kama ni upana wa ng'ombe wawili. Aliniambia mimi kwa sababu ni mimi aliyekuwa amezoeana naye. Njiani nilimweleza msimamizi.

"Boti ni mali ya shamba, siwezi kuiacha porini," akasema. "Na hiyo njia, fundi, sisi ni watu wa karakana."

Hata hivyo alilifikisha ofisini, ninamshuhudia. Aliporudi alisema wamesikia. Nilipita kule wiki kadhaa baadaye kutengeneza mashine ya kupandia iliyokatikia shambani. Ngano ilikuwa imeota hadi kwenye matete, kijani kibichi, mistari imenyooka. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini na rungu lake. Upande wa mawe ng'ombe walikuwa wanashuka, na nyuma yao mtu ambaye kwa mbali sikuweza kumtambua.

Nilipopata likizo nilipanda kwetu Masieda. Mama yangu alikuwa anapalilia maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri. Akanitazama macho, bado yalikuwa na wekundu, akauliza kama nimeumwa. Nikamwambia ni moto wa kuchomelea, yatapona. Akanipa jembe la pili, tukapalilia hadi mstari ukaisha.