Mama Anaziba Bomba la Mashine ya Kukaushia Nguo, Naogopa Nyumba Itaungua Naye

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali, maana huku kwetu Kagera tunajuana mpaka makaburi.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimeolewa Izigo, Muleba, tunalima kahawa na migomba. Mama yangu anakaribia themanini, anaishi peke yake Kitendaguro, Bukoba, kwenye nyumba ileile tuliyokulia. Kuhamia kwangu hataki hata kusikia. Baba na dada yangu wamezikwa hapo nyuma kwenye kibanja, kati ya migomba, anasema yeye hawezi kuwaacha na majani.

Mama siku hizi anashindwa kuzuia mkojo usiku. Ni uzee tu. Hospitali wamempima kila kitu, hata ule ugonjwa, ukimwi, hana. Lakini kila asubuhi kuna mashuka ya kufua, na mvua ya Bukoba mnaijua wenyewe, shuka likianikwa Jumatatu unaweza kulianua Alhamisi bado bichi. Kaka yangu aliye Ulaya akamletea mashine ya kukaushia. Fundi akatoboa ukuta wa nyuma, akapitisha bomba la kutolea ule mvuke wa moto. Kaka akaniambia kazi ya usafi ni yangu: kile kichujio kikung'utwe, na bomba lifunguliwe mara kwa mara lisuguliwe kwa brashi ndefu, kwa sababu manyoya ya nguo yakijaa humo yanashika moto kama pamba. Nikasema hilo dogo. Kila Jumamosi naenda, nasafisha, nakunywa chai na mama, narudi kwangu.

Jumamosi moja nafika nakuta nyumba inanuka kuungua. Ukuta unatiririka maji, mashine ina joto huwezi kuigusa, na mashuka bado mabichi. Nikazunguka nyuma. Mama wee! Mdomo wa bomba umeshindiliwa matambara mpaka ndani, halafu juu yake limefunikwa gunia! Nikachomoa waya, nikafungua bomba. Waitu jamani, nilitoa manyoya ndoo nzima, mengine yameshaungua yamekuwa ya kahawia. Nilikaa chini pale kwenye majani.

"Ma, nani kaziba huku?"

"Mimi," akajibu bila hata kupepesa jicho. "Jirani ameniuliza mbona kila asubuhi kwangu kunafuka mvuke na kunanukia sabuni. Akaniuliza, kwani una mgonjwa?"

Mlio wadogo hamtaelewa, ngoja niwaeleze. Baba alikwenda vitani akarudi mzima, tukashangilia. Miaka ya baadaye akaanza biashara ya nguo za mpakani, na ndipo akaugua. Alikuwa anaharisha usiku kucha. Wakati ule watu hawakusubiri daktari, walikuwa wanaangalia kamba ya nguo. Nyumba ikianika mashuka kila siku, basi wamo. Watu wakaacha kuja kwetu kuchuma kahawa. Hata ndizi zetu sokoni ziligeuzwa, zikaachwa. Mama akaanza kukaushia mashuka jikoni, kwenye kamba juu ya mafiga, mlango umefungwa. Tulikwenda shule tunanuka moshi na tumeambiwa tukiulizwa tuseme baba yuko safari. Baadaye ikawa zamu ya dada. Mama aliwauguza wote wawili hivyo hivyo, kwa siri, na watu walijua tu.

Kwa hiyo namwelewa. Uchungu wake naujua, nilikuwemo. Lakini kumwelewa hakuzimi moto! Nikamwambia, "Ma, ule ugonjwa huna, cheti unacho." Akanicheka. "Mwanangu, nani anakuja kusoma cheti? Watu wanasoma mashuka."

Nikamnunulia nepi za watu wazima, akazitupa chooni, eti anayechoma takataka ataziona. Nikasema nimfuate jirani nimweleze ni uzee, mama akalia siku hiyo, mama yangu ambaye hakulia hata kwenye msiba, akaniapisha nisifungue mdomo. Nikatoa matambara. Jumamosi iliyofuata nikayakuta yamerudi. Kaka kwenye simu anasema, "Mnyang'anye mashine, mbona rahisi?" Rahisi kwako uliye huko! Nilijaribu. Nilichomoa waya wa umeme wa mashine nikaondoka nao kwangu. Niliporudi nilimkuta chumbani, madirisha yamefungwa, jiko la mkaa linawaka katikati na mashuka yametandazwa kwenye viti kuzunguka. Macho mekundu, kichwa kinamuuma, anakohoa. Angelala tu kidogo, tungezika. Nikamrudishia waya mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nikamwambia, "Ma, utakufa kwa moto." Mkilielewa jibu lake nisaidieni kulibeba, mimi limenishinda. Alisema, "Nikiungua watasema ajali, watanililia vizuri. Baba yako hawakumlilia, walimnong'ona."

Nilichukua brashi nikarudi kusugua bomba. Siku hizi simu ikiita asubuhi nikiwa shambani, naiangalia kwanza kabla ya kupokea, nikiomba isiwe namba ya mtu wa Kitendaguro.

Leo imeita, ni mama mwenyewe, mzima, ana furaha. Anasema mashine imepungua nguvu, haikaushi kama zamani, nimwambie kaka alete nyingine yenye moto mkali zaidi.

Nyie mnaolea wazazi, na nyie mliopitia miaka ile, naombeni maneno ya kumwambia huyu mama. Ya kwangu yamekwisha. Nianzie wapi?