Utando Chini ya Ulimi wa Shema

Nikisikia harufu ya vanishi, hata leo, najiona nimesimama mbele ya kabati lisilo letu. Nyumba yetu ya Nyakabanda, hapa Kigali, ilipakana na karakana ya seremala aliyetengeneza makabati yenye vioo virefu, na kila kabati lililosubiri mwenyewe lilikuwa uwanja wetu wa michezo. Msimu ule wa mvua nilikuwa na miaka tisa, na mchezo mkubwa ulikuwa kutoa ulimi mbele ya kioo tuone nani atagusa pua. Wenzangu waliilamba midomo yao ya juu kwa maringo, mmoja nusura afike puani. Ulimi wangu haukuvuka meno ya chini. Nikijitahidi, ncha yake ilibonyea katikati ikawa kama kopa kwenye karata, na nikiuinua niliona utando umeushikilia kwa chini. Nikajua tu kwamba wengine wamegawiwa ndimi ndefu, mimi fupi, basi.

Nyumbani hakuna aliyejua. Mama na bibi yangu walikulia Karagwe, Tanzania, na Bibi alijivunia sana Kiswahili chake. Mimi nilipotafuna maneno, alitikisa kichwa na kusema, "Huyu Kigali imeshamharibu." Hapa kwetu r na l hubadilishana nafasi midomoni mwa watu kila saa, kwa hiyo shida yangu ilipotea ndani ya shida ya mji mzima. Hakuna aliyewaza kunifungua mdomo atazame. Darasani nilizoea kuchagua maneno mafupi, na siku mwalimu akitaka msomaji nilijifanya natafuta kalamu chini ya dawati. Nikikumbuka nacheka, lakini hasira nayo inanipanda.

Kisha akazaliwa Shema, mdogo wangu, na furaha yetu ikadumu siku tatu. Hakuweza kunyonya. Alikamata ziwa, likamponyoka, akalikamata tena huku mdomo ukitoa mlio, halafu akalia kwa njaa. Chuchu za Mama zilipasuka hata akawa anauma ncha ya kitenge kila anapomnyonyesha. Wiki ya tatu mashavu ya mtoto yalikuwa yamebonyea. Bibi akatoa uamuzi wake: ni ikirimi, yaani kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwa wazee wetu, mtoto asiyenyonya, anayekohoa au anayetapika, dawa ni kumkata kimeo tu. Gahanga, pembezoni mwa mji, kulikuwa na mama mmoja mwenye kazi hiyo, na Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kumpelekea Shema. Niliogopa sana. Nilikuwa nimesikia kwamba anatumia wembe.

Jumamosi hiyo Mama alinipa mtoto nimshike ili yeye avae. Shema akalia, kinywa wazi kabisa, na mimi nikaona kopa. Lile lile la kwenye kioo cha seremala, dogo, jekundu, na utando wake chini. Nikakimbilia naye chumbani. "Mama, ulimi wa Shema uko kama wangu."

"Keza, acha michezo, tunachelewa," Bibi akasema. Alikuwa ameshafunga lesso yake kichwani.

Nikauweka uso wangu karibu na wa mtoto nikatoa ulimi wote. Mama alitazama wangu, akatazama wa Shema, akarudia tena. Akavua ndala moja aliyokuwa ameshaivaa. "Gahanga isubiri," akasema. "Kwanza twende kwa daktari."

Tukaenda kwenye kliniki moja upande wa Kibagabaga, kwa daktari wa watoto, mama wa makamo aliyekulia Burundi. Alimtazama Shema akihangaika na ziwa, kisha akapitisha kidole chini ya ulimi wake. "Bon. Ikirimi iko sawa, haina kosa. Shida iko hapa chini." Akatueleza kwamba utando huo kila mtu anao, ila ukiwa mfupi na mgumu ulimi haunyanyuki, na mtoto hawezi kuvuta maziwa. Kukata kimeo kungemtoa damu bure, na njaa ingebaki pale pale. Akachukua mkasi mdogo wenye ncha butu. Sekunde chache, tone la damu, na Shema akarudishwa kwenye ziwa. Tukamsikia akimeza. Akameza tena. Mama alilia machozi ya raha, na mimi nikarukaruka mle ndani mpaka daktari akaniita nami nifungue mdomo.

Akasema jambo hili mara nyingi hupita katika ukoo. Bibi akasogea, akafungua kinywa chake polepole. Naye alikuwa nao, miaka yote ile.

"Nyogokuru, na wewe tunaweza kukusaidia," daktari akamwambia Bibi kwa heshima.

"Nimekula nao, nimeimba nao kwaya, nimegombana nao na watu wazima. Niache nao."

Daktari akakubali, maana utando usiomzuia mtu chochote hauhitaji tiba. Wangu ulinizuia, kwa hiyo baadaye nilichomwa sindano ya ganzi, nikakatwa na kushonwa nyuzi chache, kisha zikafuata wiki nzima nzima za kuinua ulimi na kulamba asali juu ya mdomo, Bibi akinisimamia. R na l ziliendelea kunichanganya. Hiyo kweli ilikuwa Kigali.

Siku hizi mambo yamegeuka. Simu zimejaa wazazi wanaohimizana kukata utando mapema. Binti yangu alipozaliwa nilimfungua mdomo kabla ya kumhesabu vidole, nikauona utando, na wiki ya pili nikampeleka akatwe.

"Akinyonya unaumia?" daktari kijana akaniuliza.

"Hapana."

"Uzito wake umepanda vizuri, naona hapa. Sasa tunakata nini?"

Bibi alitaka kumkata Shema mahali pasipo na ugonjwa kwa sababu hakujua. Mimi ninayejua nilikuwa nimefika na mtoto mgongoni kuomba kitu kile kile. Nikamfunga vizuri tena, nikarudi naye nyumbani kama alivyozaliwa.