Nilivyomsingizia Fundi wa Breki

Baba alipostaafu ualimu alinunua gari dogo lililokwisha kutumika, na tangu siku hiyo limetengenezwa na fundi mmoja tu, mwenye gereji ya mabati nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mwaka jana breki za mbele zilianza kusaga. Fundi alifungua magurudumu akatuonyesha: pedi zimeisha hadi chuma, na diski zimelika zikabaki na ukingo kama wa sahani. Baba akanigeukia.

"Wewe uko nyumbani. Chagua za kuweka. Jumamosi nataka kufika Khwisero, dada yangu hajisikii vizuri."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, na hiyo ilikuwa kazi ya kwanza mtu kunipa tangu nihitimu. Nikaichukua kama mtihani. Kwa siku tatu nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Pedi za kauri hazina kelele, za chuma zinavumilia moto. Diski zenye matundu hupoa upesi, lakini huweza kupasuka. Nilichora jedwali, kisha nikaongeza safu ya mvua, kwa sababu huku kwetu mvua haikosi alasiri. Baba haendeshi zaidi ya kilomita sitini kwa saa. Pedi yoyote ya kawaida, yenye kipimo sahihi, ingemtosha. Hilo sikuliweka kwenye jedwali.

Nilipopita gereji kabla ya kwenda mjini, fundi alinipa pedi moja ya zamani, ameifunga kwa gazeti.

"Enda na hii, msomi. Dukani wataipima na mpya, mnamalizana."

Nilimshukuru, na alipoinama kwenye kazi yake nikaiacha juu ya tairi. Nilikuwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Nilifikiria watu niliosoma nao ambao sasa wana ofisi mjini, nikajiona nikikutana nao na kifurushi kinachovuja grisi. Na kulikuwa na sababu mbaya zaidi: niliona kubeba sampuli ni kwa watu wasioweza kusoma. Mimi nilikuwa na namba ya chasi kwenye simu.

Mama wa duka la spea hakuiangalia simu.

"Sampuli iko wapi?"

"Nina namba ya chasi."

"Chasi haishikangi breki, kijana. Haya magari yanagongwa, yanavalishwa miguu ya mengine. Kalete sampuli."

Wanaume wawili nyuma yangu walicheka. Kama wasingecheka, nadhani ningerudi. Nilimwambia nimefanya utafiti wa kutosha. Akanitazama kidogo, akaleta maboksi, akasema, "Zikiguswa na spana, hazirudi hapa."

Fundi alizipokea, akafungua maboksi. Alisogeza diski mpya karibu na ya zamani. Mpya ilikuwa ndogo kwa upana wa kidole. Pedi nayo ilikataa kuingia mahali pake, masikio yake, zile ncha za pembeni, yalizidi.

"Hizi si zenyewe," alisema. "Hili gari lilibadilishwa mbele kabla mwalimu alinunue."

"Na ukizipiga tupa kidogo kwenye masikio?"

"Nitaharibu kitu kipya."

"Jaribu moja tu."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alicheka, akachukua tupa, akaanza kuyakwangua masikio ya pedi moja, huku akinieleza kwamba kamati ya kanisa letu, ambayo baba ni mjumbe wake, itampa gari la kanisa alitengeneze, na kwamba amekwisha kulisafishia nafasi pale ukutani. Pedi iliingia. Kisha ikatokeza nje ya ukingo wa diski, hata mimi niliona.

"Hii sifungi," alisema. "Mwalimu asije akafa kwa mkono wangu."

Nyumbani baba aliuliza gari liko wapi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. "Fundi amepiga pedi moja tupa, imeharibika," nilisema. "Sasa zote hazirudishwi dukani."

Kila neno lilikuwa kweli. Nilijishikilia kwa hilo kama mwanasheria.

Jumamosi baba alikwenda Khwisero kwa pikipiki, licha ya goti lake bovu, akarudi amelowa. Jumapili baada ya ibada aliwaambia wanakamati wasimpe yule fundi gari la kanisa, maana siku hizi anaharibu vitu vipya vya watu. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikipanga viti. Nilikunja kiti, nikakikunjua, nikakikunja tena. Nilijiambia nitasema wakisha kuomba. Waliomba. Nikajiambia nitasema nyumbani.

Nilisema Jumatatu mchana, baba akiwa anakula.

"Baba, mimi ndiye niliyemwambia aipige ile pedi tupa."

Akaendelea kumega ugali. "Na yeye alisema nini?"

"Alikataa. Nilimsukuma."

"Na sampuli? Fundi yule hatumi mtu dukani bila sampuli."

"Niliiacha."

Alinawa mikono ingawa sahani ilikuwa haijafika nusu. "Vaa viatu."

Tulianza kwa mwenyekiti wa kamati. Baba alinisimamisha mbele yake, nikaeleza mwenyewe. Mwenyekiti alisikiliza akikuna kidevu, kisha akasema gari lilikwisha kupelekwa kwa fundi mwingine asubuhi hiyo, na sasa hawezi kumnyang'anya mtu kazi aliyoianza. Hakusema kwa ukali. Aliniuliza nilisomea nini chuoni, na nilipomjibu akasema, "Haya."

Kwenye gereji fundi alikuwa chini ya gari la mtu. Alitoka alipoona viatu vya baba. Nafasi ile ukutani ilikuwa bado wazi, imefagiliwa. Nilifungua mdomo, lakini baba alitangulia. Alivua kofia.

"Fundi, nilikusema vibaya mbele ya watu, na sikuja kukuuliza. Huyu alinidanganya, ndiyo. Lakini kuuliza kulikuwa kazi yangu. Nisamehe."

Sijawahi kumwona baba akimvulia mtu kofia, sembuse mtu ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake. Fundi alipangusa mikono kwenye ovaroli, kisha akaipangusa tena, asijue aitazame vipi sura ya mzee.

"Mwalimu, wacha hivyo," alisema. "Wacha tu. Vaa kofia, jua ni kali."

Baba hakuivaa. Alikuwa ananingoja mimi, na fundi naye akageuza macho kwangu.

"Ni mimi," nilisema.

"Najua ni wewe," fundi akajibu. "Tulikuwa wawili hapa."